Daktari Ridhwani na Mshindi wa Mkomani

Wanawake wakimuuliza Bi Kulthum arusini, "Ati mwanao Ridhwani sasa ni daktari?" alikuwa akijibu, "Ni daktari, alhamdulillahi," halafu anageuza uso na kuongeza haraka, kama mtu anayetoa mwiba wa samaki kinywani, "lakini si wa sindano."

"Wa nini basi?"

"Wa kuwapa wagonjwa kazi."

Hapo wenzake walitazamana. Kazi? Watu huenda kwa daktari wapewe karatasi ya kupumzika, huyu awapa kazi! Wakamhurumia Bi Kulthum, wakamsogezea sahani ya halua.

Nawaeleza hivi mapema, ndugu zangu, mjue kijana huyu alianza safari yake akiwa amedharauliwa nyumbani kwao kabla hajadharauliwa na wasomi. Kazi yake yenyewe si ngumu kuielewa. Mtu akivurugika akili, yupo wa kumpa dawa ya kumtuliza. Akishatulia, ndipo anapoingia tabibu wa shughuli: amrudishe kuoga, kupika, kushika kazi yake ya zamani, kukaa na watu akawa mtu. Lakini katika hospitali ile ya wagonjwa wa akili, huko mjini alikoajiriwa Ridhwani, tabibu wa shughuli alihesabiwa juu ya mfagiaji kidogo tu. Mganga mkuu hakuwahi kulijua jina lake. Alimwita "yule wa shanga."

Na shanga zilikuwapo kweli. Palikuwa na chumba, na ndani ya chumba pana mikebe ya shanga za plastiki. Aliyekuwa mwalimu wa hesabu alipewa shanga. Aliyekuwa nahodha alipewa shanga. Mama aliyelea watoto na kuoza mabinti alipewa shanga, nyekundu na njano, atunge. Jioni mhudumu alikata uzi wote, akazimwaga shanga mkebeni, ili kesho wapate tena cha kutunga. Wakubwa waliandika kwamba wagonjwa wanaendelea vizuri. Ridhwani alikuwa akiuangalia ule mkasi unavyokata, akiwadharau wenye hospitali kwa dharau safi, ya mtu ambaye bado kijana na hajapata nafasi ya kukosea makubwa.

Ndipo akaletwa Gharib.

Gharib alikuwa jirani yao Mkomani, mtaa wa kisiwani Lamu, nyumba ya tatu kutoka kwa kina Ridhwani, fundi wa mashine za boti. Kuanzia Shela mpaka Mtangawanda, boti ikizimika, wenyewe walisema, "Mpelekeeni Gharib." Kisha mwaka mmoja akaacha kulala. Akawa anazungumza na mashine zake, na baadaye zikawa zinamjibu. Mwisho alikutwa amesimama baharini, maji kifuani, nguo mwilini, akisema anasubiri kuwashwa. Walimvusha bara mikono ikiwa imefungwa kwa kilemba cha babake.

Hospitalini akawekewa shanga. Hakuzigusa. Alikaa kama jiwe, wiki baada ya wiki, hajamwambia mtu neno. Ridhwani akaenda bandarini, akaomba mashine ya boti iliyokufa, akaibeba kwa mkokoteni, akaiweka juu ya meza mbele ya Gharib pamoja na spana. Wauguzi walipiga kelele. Spana kwa mwendawazimu! Gharib aliiangalia mashine ile siku kadhaa bila kuigusa. Kisha asubuhi moja akaifungua kifuniko, akachungulia, akasema:

"Nani alofungua hii? Ana mikono ya mbuzi."

Hilo ndilo lilikuwa neno lake la kwanza tangu aletwe. Ridhwani alikaribia kulia kwa furaha. Akaandika katika ripoti yake kwamba mgonjwa ameshika spana kwa mkono wa kulia, ametulia, ameonyesha hamu ya kazi. Tusi hakuliandika. Aliliona si la kitaalamu. Likumbukeni tusi hilo, kwa sababu yeye alilisahau, na usahaulifu huo ulimgharimu.

Mashine ikawaka. Gharib akarudi kwao Mkomani na dawa zake za kumeza asubuhi. Ridhwani, kwa mashine ile moja, akapanda ngazi. Akasoma shahada ya uzamili, akasoma ya uzamivu, akawa mhadhiri. Akaanza kualikwa kwenye makongamano ya kupona, yale yanayofanyika kwenye hoteli zenye baridi kali, ambako kila mtu hupewa mkoba wa bure na kalamu, na neno "kupona" hutajwa siku tatu na watu ambao hawajapata kula sahani moja na mgonjwa hata mmoja. Aliwadharau hao pia. Aliyemdharau kuliko wote alikuwa mkuu wa idara yake, Profesa Nicodemus, mtu mwenye miwani iliyoning'inia shingoni kwa kamba, ambaye hakuwa na swali jingine duniani ila, "Ushahidi uko wapi?" Miaka michache baadaye naye Ridhwani akanunua kamba ya miwani. Mkiona mtu anamdharau mwenziwe kila siku, mwangalieni nguo zake.

Wazo lake, niseme ukweli, lilikuwa zuri. Alisema kupona hakupimwi kliniki kwa kumwuliza mtu leo ni siku gani. Kunapimwa pale mtu anapoishi. Na Lamu mwanamume huishi barazani.

"Vizuri," akasema Profesa Nicodemus. "Kwenye hicho kibaraza unapima nini? Niletee namba."

Ridhwani akatafuta namba. Barazani kwa Bwana Mahdi, Mkomani, watu huteza dhumna, yaani domino, kila alasiri, wawili kwa wawili. Akamwomba Fawaz, binamu yake, awe anamtumia sauti kwa simu kila juma: Gharib kacheza mara ngapi, kashinda mara ngapi. Na Fawaz, mtu mwaminifu, akawa anatuma. "Gharib kashinda tena, mashallah." "Gharib leo hakuinuka kabisa, hakufungwa hata mara moja." Ridhwani akachora mstari. Mstari ukapanda, ukapanda, ukagonga juu, ukakaa huko huko. Akauonyesha makongamanoni, watu wakapiga makofi. Akili iliyokuwa baharini, maji kifuani, sasa haishindwi! Mara moja tu mwanamke mmoja ukumbini aliinua mkono akauliza, je, inawezekana mtu ashinde kila siku? Ridhwani akatabasamu, akajibu kwamba watu wa Lamu huanza mchezo huu wangali wadogo.

Kana kwamba hao wanaofungwa walianza uzeeni! Ukumbi mzima, maprofesa kwa madaktari, hakuna aliyecheka.

Basi ikafika zamu yake ya kupandishwa awe profesa. Kamati ingekaa baada ya likizo, na hoja yake yote ilisimama juu ya mstari ule. Nicodemus akasema ingependeza pawe na video fupi, mshindi mwenyewe akicheza. Ridhwani akapanda ndege mpaka Manda, kisiwa chenye uwanja, akavuka kwa boti, akambusu mamake mkono, akaenda barazani na simu mfukoni.

Walimpokea kwa heshima. Bwana Mahdi, mwenye nyumba, mzee laini mwenye sauti ya chini, alikuwa mwenzi wa Gharib katika mchezo. Upande wa pili Fawaz na mtu mwingine. Nafasi haikuwapo, Ridhwani akasimama nyuma ya Fawaz akingoja. Kanuni ya pale inajulikana: waliofungwa huinuka, wakaenda kuegemea ukuta, na njia nzima kutoka barazani mpaka ukutani hutukanwa. Matusi hayo ndiyo mchezo wenyewe. Dhumna ni kisingizio.

Lakini siku ile hapakuwa na matusi. Palikuwa na utulivu kama wa chumba cha wageni. Gharib aliweka kete yake, wenziwe wakasema, "Mashallah." Akaweka nyingine, mmoja akamwambia, "Una kitwa weye Gharib, Mungu akuhifadhi." Ikafika kwa Fawaz. Kete ya kumzuia Gharib ilikuwa mkononi mwake. Ridhwani, amesimama nyuma, aliiona kwa macho yake: tano na mbili. Fawaz akagonga ubao kwa kidole.

"Sina," akasema.

Gharib akamaliza kete zake. Fawaz na mwenziwe wakainuka, wakaenda ukutani kimyakimya. Hakuna aliyewatukana.

Halafu Gharib akaitwa kidogo akatazame mashine ya mtu pale gatini. Alipokunja kona tu, baraza likafufuka. Waliobaki walicheza mchezo mmoja, na katika mchezo huo mmoja Ridhwani alisikia mama za watu, mikono ya watu, macho ya watu na akili za watu zikitajwa kwa ubaya, na Bwana Mahdi, mzee laini, akimwambia mtu mzima mwenye wajukuu, "Inuka weye, ng'ombe wa kisima, hata kiti chakuonea haya!" Watu wakacheka mpaka wakajifuta machozi. Gharib alipotokea konani, wakanyamaza wote kwa pamoja, kama wanafunzi walioona mwalimu.

Ridhwani akamshika Fawaz kiwiko, akamtoa mpaka kwenye kichochoro.

"Ulikuwa nayo."

"Nini?"

"Tano-mbili. Ulikuwa nayo, ukagonga."

Fawaz akashangaa kweli. "Hukuyua?"

"Tangu lini mnafanya hivi?"

"Tangu alipotoka huko kwenu. Bwana Mahdi alisema, mwacheni masikini ashinde, tusimtie dhiki. Na weye ndiwe ulotuambia tumpe moyo! Si ulisema? 'Mpeni moyo.' Haya, tumempa."

"Na zile sauti ulizonitumia?"

"Kwani nimekudanganya? Hakushinda?" Fawaz akamwangalia binamu yake kutoka miwani mpaka viatu. "Weye ni mtu wa hapa, Ridhwani. Mimi nilidhani wayua, na huko chuoni ndivyo mnavyotibu."

Kwa jambo hilo Fawaz hana kosa. Ukitafuta duniani watu wanaoweza kumzika mtu kwa adabu, njoo Mkomani. Hawatamfukuza wala kumtupia jiwe. Watamkaribisha, watamsogezea mto, watakubaliana na kila asemalo, na hatasikia tena maishani mwake neno la kweli. Na aliyezaliwa hapo, akalelewa hapo, akawa na shahada tatu za mambo hayo hayo, hakulitambua.

Alimfuata Gharib kwenye banda lake la ufundi. Alimkuta anafuta mikono kwa kitambaa cha mafuta.

"Umekuya kunipiga picha," akasema Gharib bila kugeuka. "Fawaz kanambia."

"Nimekuja kukuuliza."

"Nayua utakaloniuliza. Nalikuwa mgonjwa, Ridhwani, sikuwa mpumbavu. Mtu hufungwa dhumna hata kwa bahati mbaya tu. Mimi sifungwi miaka, hata mwenzangu Mahdi akiwa asinzia!"

"Mbona hukuwaambia?"

Gharib akageuka. "Nimwambie nani? Nikiinua sauti kidogo tu, watasema imerudi. Mahdi huniwekea mkono kitwani, akanisomea. Siku moya nalimkemea muuza samaki alonipa samaki alooza. Kufika nyumbani, dada yangu keshapigiwa simu, dawa ziko mezani na bilauri ya maji. Katika muyi huu mzima mimi peke yangu sina ruhusa ya kukasirika." Akakitupa kile kitambaa. "Nataka niinuke. Hilo tu. Nifungwe kweli, nitukanwe, niinuke kama mtu niende ukutani. Weye ulinipa mashine ukanitoa kwenye shanga, nikakushukuru. Kisha ukawapa hawa mkebe mwengine wa shanga, ukakaa huko wachora."

Ridhwani akaitoa simu mfukoni, akaizima.

"Nimeuona mstari wako, Fawaz alinionyesha kwenye simu," Gharib akamalizia. "Wapanda kama paka aloona mbwa. Na watu wazima wakakupigia makofi? Nti hii ina kazi."

Nyumbani, Bi Kulthum alielezwa habari yote. "Kwa hivyo miaka yote hiyo ya ada," akasema, "ulikuwa wasomea kumshindisha mtu dhumna?" Akaenda jikoni.

Ridhwani alijua lililo mbele yake. Gharib akifungwa kweli, mstari umeanguka, na uprofesa umeanguka nao. Tena hilo lilikuwa jepesi. Zito lilikuwa jingine: je, Bwana Mahdi asema kweli? Je, mtu yule akitikiswa atavunjika? Vitabu vyote alivyosoma havikumwambia. Aliamka asubuhi akiwa na hofu, akaswali alasiri akiwa na hofu, akaenda barazani nayo.

"Leo nateza mimi na Fawaz," akasema. Kisha akamnong'oneza binamu yake, "Ukigonga nawe unayo, nitazifunua kete zako mbele ya watu."

"Utanitia matatani na Mahdi."

"Cheza."

Wakacheza. Mwanzoni Gharib aliweka kete kivivu, kama alivyozoea, mgongo umeegemea mto. Fawaz akamzuia. Gharib akainua uso. Akaweka nyingine, Ridhwani akamzuia. Ndipo Gharib akautupa ule mto, akainama mbele, viwiko magotini, na waliokuwa nyuma wakasogea. Alikuwa mchezaji mzuri, yule mtu. Lakini miaka ya kupewa ilikuwa imemlegeza. Alihesabu, akakosea, akafunga njia ya sita yeye mwenyewe na sita-sita iko kwa mwenziwe Mahdi. Ridhwani akabakiwa na kete moja. Akaiinua juu, akaipiga ubaoni kwa kishindo.

Muuza kahawa akasimama na dele yake, birika la kahawa, mkononi.

"Haidhuru, haidhuru," akaanza Bwana Mahdi kwa sauti laini, "kosa ni langu mimi, Gharib hakufungwa..."

"Kafungwa," akasema Ridhwani. "Inuka, Gharib. Mashine imezima. Na ulivyoteza leo, hata mwenye mikono ya mbuzi angekushinda."

"Astaghfirullah!" Mahdi akashtuka. "Ridhwani! Weye ni tabibu!"

Uso wa Gharib uliiva. Wote waliuona. Mtu mmoja kando akaanza kutoa simu, bila shaka ampigie dada. Gharib akainuka taratibu, akasimama wima, na sauti iliyotoka haikuwahi kusikika Mkomani tangu arudi.

"Mbuzi? Weye waniambia mbuzi? Umekwenda kusoma umri mzima ukarudi na kamba ya miwani, hata mbuzi ana kamba fupi kuliko hiyo! Na weye, Mahdi!"

Mahdi alikwishaanza kuinua mkono amwekee kichwani.

"Utoe mkono wako! Sita-sita umeikalia tangu mwanzo, kama kuku aliyesahau yai! Nateza na nani mimi, na mwenzangu au na mto?"

"Mimi?" Mkono wa Mahdi ukabaki hewani. Kisha, taratibu, ukageuka kidole. "Mimi nimeikalia? Ndia ya sita nani kaifunga? Weye! Kwa kitwa chako hicho kibovu..."

Akajiziba mdomo.

"Sema," akasema Gharib. "Malizia."

Mzee wa watu alimtazama. Sijui aliona nini. Lakini aliushusha mkono kutoka mdomoni, na yote aliyoyazuia kwa adabu miaka ile yakatoka. Alimtajia Gharib mchezo wa juzi na wa mfungo uliopita. Alimwambia ana macho ya kuangalia plagi za mashine, si kete. Alimwambia kwamba kumbeba yeye mgongoni barazani kumemtia yeye Mahdi maumivu ya kiuno, na kwamba anawaonea huruma wenye boti. Gharib alimjibu neno kwa neno. Fawaz naye akaingilia, ambaye hakuulizwa, na muuza kahawa akalia kwa kicheko mpaka kahawa ikamwagika. Yule mwenye simu aliirudisha mfukoni.

Kisha Gharib akaondoka barazani, Mahdi akimfuata, akaenda ukutani, hatua chache tu, akitukanwa kila hatua. Akaegemea, akakunja mikono, akanuna kwelikweli. Alinuna mpaka adhana ya magharibi. Alipotaka kahawa, akaambiwa angoje zamu.

Video haikupigwa. Ridhwani alirudi chuoni, akauondoa mstari kwenye hoja yake kabla kamati haijakaa, akaeleza kwa nini. Profesa Nicodemus alivaa miwani, akavua, akavaa tena.

"Nisaidie nielewe, Daktari. Kipimo chako kipya cha kupona ni kwamba mtu ametukanwa?"

"Ametukanwa, akajibu, kesho yake akarudi."

"Na ushahidi uko wapi?"

"Mkomani. Karibu ukae barazani, ujionee."

Nicodemus hakwenda. Barazani hapatolewi mkoba wa bure. Uprofesa nao ulipewa mtu mwingine, mwenye mstari wake unaopanda vizuri, na makofi yakapigwa. Ridhwani yuko pale pale, mhadhiri. Wanafunzi wake wakimletea ripoti ya mgonjwa, siku hizi huwauliza swali moja kabla ya yote: nani aligombana naye mara ya mwisho, na kwa jambo gani? Wengi hawana jibu. Huwarudisha wakatafute. Kamba ya miwani ameivua.

Bi Kulthum bado huulizwa arusini. "Si wa sindano," hujibu, "na sasa hata profesa si." Lakini huyasema hayo akicheka, na halua huichukua mwenyewe.

Barazani walimpa uprofesa siku ile ile waliposikia ameukosa. Hakuna anayemwita jina jingine. Mara ya mwisho aliposhuka kutoka Manda alikwenda barazani moja kwa moja na begi lake, akamkuta Gharib ameketi na Mahdi wake, ubao umejaa kete, wote wawili wanazozana juu ya mchezo ambao ulikuwa umekwisha. Dele ilikuwa inapita. Pembeni ya Gharib palikuwa na nafasi, na Ridhwani akataka kuketi.

Gharib hakuinua macho. Alikuwa anahesabu.

"Kuna foleni, Profesa," akasema. "Ukutani. Nyuma ya Fawaz."